Sarufi ya Ushuhuda

Vijana wa usharika wetu waliniomba niwaandalie somo kwa ajili ya semina yao. Kichwa cha somo walikuwa wamekwisha kukichagua wenyewe, tena kilikuwa kimechapwa kwenye ratiba kabla mimi sijaulizwa: "Dalili za Uamsho katika Kanisa la Leo." Nilipomwuliza mwenyekiti wao ni dalili zipi wanazoziona, alinihesabia kwa vidole bila kusita. Mkesha wa Ijumaa unajaa hata watu wanakaa nje kwenye majani. Mapepo yanatoka. Watu wanaanguka wakiombewa. Kipindi cha ushuhuda siku ya Jumapili kinapita saa nzima, na bado mikono iko juu. "Sasa Mwalimu," akamaliza, "kama huu si uamsho, ni nini?"

Sikuwa na jibu. Mimi si mchungaji wala mwanatheolojia. Nimefundisha Kiswahili karibu maisha yangu yote ya kazi, kwanza katika shule za msingi, kisha katika vyuo vya ualimu, na mwalimu wa lugha hana chombo kingine ila sikio na sentensi. Semina ilikuwa bado miezi minne. Basi nikafanya nililoliweza. Kila Jumapili nilikaa kiti cha nyuma na daftari dogo, nikaandika sentensi za ushuhuda jinsi zilivyotamkwa. Majina sikuyaandika. Mzee wa kanisa mmoja alidhani ninaandaa mashtaka kwa mkuu wa jimbo, nikalazimika kumwonyesha daftari ili alale usingizi.

Msomaji atanisamehe nikianza mbali kidogo, maana ushuhuda tunaousikia leo una baba na babu.

Mwaka 1929, mjini Kampala, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa wamechoka rohoni, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha wainjilisti, akafariki mapema mwaka 1936 akiwa kijana bado. Kutoka Gahini moto ule uliingia Kigezi, ukaenda Buganda, ukashuka kwetu Kagera, ukafika Kenya. Waganda waliwaita watu wake Balokole, yaani waliookoka. Rwanda waliitwa Abaka, yaani wanaowaka. Wimbo wao, Tukutendereza Yesu, ulitokana na wimbo wa Kiingereza, lakini ukaimbwa kwa Kiganda hata na watu wasiojua neno jingine la lugha hiyo. Mpaka leo ukiuanzisha katika mazishi, Nairobi au Dodoma, wazee wataupokea.

Hapa niseme jambo moja la lugha. Wapinzani wa waliookoka walipenda kuwauliza: "Umeokokaje nawe ungali duniani?" Swali hilo lilibebwa na kitenzi chenyewe. Kuokolewa kuna mwokoaji nyuma yake. Kuokoka ni kauli ya kutendeka, kama kuvunjika au kufunguka. Asemaye "nimeokoka" hasemi nani alimwokoa, anasema tu hali aliyo nayo. Mhubiri mmoja wa zamani alinieleza kwamba ndiyo sababu ndugu hawakuruhusu mtu akomee hapo. Ukisimama na kusema "nimeokoka", walinyamaza wakikungoja. Walingoja sentensi ya pili.

Sentensi ya pili ndiyo iliyokuwa uamsho. Iliweza kuwa hivi: "Niliiba mikungu miwili ya ndizi katika shamba la fulani. Nimemwendea, nimemlipa." Ichambue kama tulivyokuwa tukichambua darasani. Kiima ni mimi mwenyewe. Kitenzi kiko katika kauli ya kutenda, wala hakisemi "ndizi ziliibwa". Yambwa ina jina na hesabu. Mtu aliyekosewa anatajwa. Kisha kinafuata kitenzi cha pili, ambacho ndugu walikiita kutengeneza, maana yake kwenda kwa mwenye haki na kurudisha. Zakayo katika Injili ya Luka hakusema kwamba moyo wake umeguswa. Alitaja kiwango: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Yohana Mbatizaji naye, watoza ushuru walipomwuliza wafanye nini, aliwajibu habari ya vipimo.

Baba yangu aliokoka mwaka 1958, nilipokuwa na umri wa miaka 8. Alikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha kununua kahawa. Kila mwenye asili ya Kagera anajua karani wa mizani wa siku hizo alikuwa mtu gani. Mkulima analeta gunia la kahawa ya maganda, karani anasukuma jiwe la mizani, anasoma namba anayoitaka, na mkulima asiyejua kusoma anashukuru. Kilo mbili hapa, tatu pale, mwisho wa msimu ni magunia. Bati la nyumba yetu lilitoka humo, ingawa mimi nilidhani limetoka kwenye mshahara.

Wiki chache baada ya kuokoka, baba alichukua kahawa ya shamba letu, akaigawanya kwa debe, akaanza kuzunguka vijijini. Mimi nilimfuata nikiwa na kikapu kichwani. Mama alikuwa hajaokoka, na hasira yake naikumbuka vizuri kuliko mahubiri yoyote niliyosikia mwaka ule, maana kahawa ile ndiyo ada yetu na ndiyo chumvi yetu. Katika nyumba nyingi watu walicheka kwa haya, wakapokea. Wengine walidhani baba ameingiwa na wazimu. Katika nyumba moja tulimkuta mjane anapepeta maharage. Baba alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema: "Mama, nilimpunja mume wako katika mizani, misimu mitatu." Yule mama hakuinua uso. Alisema, "Aliijua hiyo. Alikufa akiijua. Hiyo kahawa mpelekee yeye." Tukarudi na debe lile. Njia nzima baba hakunena neno, na nadhani siku ile ndipo alipookoka kweli, ingawa tarehe aliyoitaja kanisani mpaka kufa kwake ilikuwa nyingine.

Sitaki msomaji adhani kwamba nauimba wimbo wa kale kwa sababu mimi ni wa kale. Uamsho ule ulikuwa na magonjwa yake, nami nilikulia ndani yake nikayaona. Mwanamke aliyesuka nywele aliambiwa hajavunjika. Kulikuwa na maungamo ambayo kwa kweli yalikuwa kumwungamia mwenzako dhambi zake mbele za watu, na mabinti waliobebeshwa aibu ambayo wanaume waliohusika hawakuigusa. Kulikuwa na kiburi cha kuitwa ndugu. Mwaka 1941 huko Mukono, Uganda, wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa kwa kukataa amri ya kuacha mikutano yao ya alfajiri na kuwahubiria wenzao. Kwa miaka mingi nilisoma habari hiyo nikiwa upande wa wanafunzi. Nilipokuja kukabidhiwa chuo mwenyewe, nikawa na mabweni, kengele na walimu wanaotaka kulala, nilianza kumwonea huruma yule mkuu wa chuo. Sasa nimestaafu, na huruma hiyo imepungua tena.

Ugonjwa mkubwa zaidi ulikuwa kwamba hata sentensi ya pili iliweza kukaririwa. Tulikuwa na mzee mmoja aliyeungama, katika kila mkutano niliohudhuria tangu utotoni hadi nilipokwenda chuoni, kwamba aliiba kuku wa mjomba wake. Yule kuku alikwisha kufa mara mia. Kuku alikuwa wa kweli, mjomba alikuwa wa kweli, na malipo yalikuwa yamefanyika. Lakini kila mtu alijua kwamba mzee huyu amezuia urithi wa watoto wa marehemu kaka yake, na kuku yule alisimama mlangoni mwa shamba lile kama mlinzi. Mtu anaweza kuungama kidogo ili asiungame kikubwa. Nilikuwa kijana wa miaka 15 nilipolitambua hilo, na lilinifanya nikae mbali na mikutano kwa muda mrefu.

Turudi kwenye daftari langu.

Nilichokikuta humo, baada ya miezi minne, ni kwamba kiima kimehama. Sentensi nilizoziandika zilikuwa nyingi za namna hii: nimefunguliwa, nimeinuliwa, nimevushwa, milango imefunguka, nimepata kibali. Kauli ya kutendwa na kutendeka, karibu kila mahali. Penye kitenzi cha kutenda, mtendaji alikuwa nafsi ya tatu: wachawi wa ukoo walinifunga, adui zangu kazini walinichimbia shimo, laana ya babu ilinifuata. Kosa bado lipo katika ushuhuda wa leo. Lakini mkosaji ni mwingine. Zamani aliyesimama mbele alikuwa mdeni. Leo aliyesimama mbele ni mdai. Na mdai hana la kutengeneza. Anangoja kulipwa.

Yambwa nayo imebadilika. Zamani iliyotajwa kwa hesabu ilikuwa kitu kilichoibwa. Leo hesabu imehamia kwenye kitu kilichopokewa: kiwanja, gari, visa, ada ya miaka miwili. Wahubiri wa mafanikio wamesaidia sana katika hili, kwa maana sadaka sasa inaitwa mbegu, na mbegu haipandwi kwa ajili ya jirani. Nimesikia kijana akishuhudia kwamba alipanda mbegu ya mwezi mzima wa mshahara wake. Aliyeketi karibu nami alininong'oneza kwamba kijana huyo hajamlipa kodi ya chumba tangu sikukuu ya Krismasi.

Ningeweza kuishia hapa na kuwaambia vijana kwamba huu si uamsho. Ingekuwa rahisi, na wazee wangepiga makofi. Lakini daftari halikuniruhusu. Lugha ya kutendwa ni lugha ya neema pia, na mtu aliyesamehewa hawezi kusema kwa kauli ya kutenda kwamba amejisamehe. Isitoshe, wengi wa hawa wanaosimama wamedhulumiwa kweli. Mgonjwa aliyezunguka zahanati tatu bila kupata dawa haombi kufundishwa sarufi. Mwaka 2011, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alipokuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, msululu wa magari ulikuwa wa kilomita nyingi, na wengine walifia njiani wakingoja. Mwasapile mwenyewe alifariki mwaka 2021. Tuliosoma tulicheka au tukakemea. Mimi nilikemea. Miongoni mwa waliokwenda alikuwamo dada yangu, aliyeuza mbuzi wake wote kwa nauli, na hakuniaga kwa sababu alijua nitakachosema. Alirudi hajapona. Lakini aliniambia kwamba katika foleni ile, siku tano, watu walikuwa wakigawana maji na kuulizana hali, na kwamba kanisani kwetu hakuna aliyepata kumwuliza anaumwa nini.

Hivyo kundi peke yake haliniambii kitu, wala kwa wema wala kwa ubaya. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kwenye uwanja, walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023 huko Shakahola, Kenya, ilianza kufukuliwa miili ya waumini walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Bwana. Idadi ilipita 400. Nayataja haya mawili kwa upesi, maana magazeti yalikwisha kuyaeleza, na ni rahisi mno kuyatumia kuwapiga watu wa madhehebu mengine. Lipo jingine lililo karibu zaidi na sisi wana wa Uamsho, na hilo magazeti yetu ya kanisa hayapendi kuligusa.

Moto ulianzia Gahini, Rwanda. Mwaka 1994, nchini Rwanda, nchi ambayo wengi mno wa watu wake walikuwa Wakristo waliobatizwa, watu walichinjwa ndani ya makanisa: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, Kibeho. Mto Kagera, ambao mkoa wetu umepewa jina lake, ulileta miili mpaka Ziwa Viktoria, na katika mwambao wa Uganda watu waliacha kula samaki. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, katika saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Nilikuwa miongoni mwa walimu walioombwa na kanisa kwenda kusaidia katika kambi ya Benaco, nikakaa majuma mawili nikiandika majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao.

Jioni ya kwanza, katika moshi wa kuni mbichi, nilisikia Tukutendereza. Ulianzia upande mmoja wa kilima ukapokewa upande wa pili. Nililia, sifichi. Nilidhani nimesikia sauti ya kanisa ambalo limebaki hai. Siku zilizofuata nilianza kuelewa, kwa maneno yaliyokatwa katikati na kwa watoto walioacha kuchora mtu mzima fulani akipita, kwamba miongoni mwa waimbaji walikuwamo waliokimbia wakiwa hawana hatia, na walikuwamo waliokimbia kwa sababu ya walichokifanya, na kwa sikio hukuweza kuwatenga. Sauti zilikuwa zile zile. Katika majuma yale mawili nilisikia nyimbo kila jioni na maombi kila alfajiri. Walisema: vita vilitokea, watu walikufa, mambo yaliharibika. Sikusikia hata sentensi moja iliyoanza na "nili-".

Wako ndugu wa Rwanda waliouawa kwa sababu walikataa kutenganishwa na ndugu zao wa kabila jingine. Hao wasisahauliwe. Uamsho ulizaa pia Wakristo wa Kikuyu waliokufa katika miaka ya 1950 kwa kukataa kiapo cha Mau Mau, na Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 na kuuawa mwaka 1977 katika utawala wa Idi Amin. Sisemi kwamba mti haukuzaa. Nasema kwamba nilikuwa nimejifunza kuutambua mti kwa sauti ya majani yake.

Jambo la kutafakari ni kwamba sarufi ile ya zamani ilirudi Rwanda kwa mlango wa mahakama. Mahakama za gacaca zilifanya kazi nchini kote kuanzia mwaka 2005 hadi mwaka 2012, zikasikiliza mashauri karibu milioni 2. Sheria ilimpunguzia adhabu aliyeungama, lakini ungamo halikuwa kusema tu "nimekosa". Lilitakiwa kueleza kosa lilitendwaje na wapi, pamoja na nani, na mwili umelala wapi. Waweza kusema, na wengi wamesema, kwamba ungamo lenye punguzo la kifungo ni biashara. Nakubali. Ndugu wa zamani wangekunja uso. Hata hivyo kwa ungamo hilo la biashara, mama fulani alionyeshwa shimo alimotupwa mwanawe akamzika, na kwa nyimbo zetu za Benaco hakuonyeshwa.

Vijana walipokuja kuchukua somo lao, hicho ndicho nilichowapa. Niliwaambia sitapima uamsho kwa mkesha wala kwa kuanguka, nami sikatai kwamba Roho aweza kuangusha watu. Nitangoja sentensi ya pili: nani, nini, kiasi gani, kwa nani, na umemwendea lini. Niliwasomea pia sentensi mbili katika daftari ambazo nilizitia nyota. Moja ilisemwa na mama mmoja muuza dagaa: "Mume wangu sasa analeta mshahara nyumbani." Alikaa chini mara moja, hakuongeza neno. Mume alikuwa ameketi upande wa wanaume akiangalia sakafu. Yeye hakushuhudia kabisa, wala sidhani atashuhudia. Nyingine ilisemwa na fundi wa pikipiki: "Nilikuwa natoa spea nzima kwenye pikipiki za wateja naweka mbovu. Wale ninaowakumbuka nimeanza kuwapigia simu." Baada ya sentensi hiyo kiongozi wa sifa aliwasha kinanda haraka, maana kanisa lilikuwa limepoa. Zamani ndipo lingewaka.

Mwenyekiti wa vijana alinisikiliza kwa adabu. Alipofunga daftari lake aliniuliza, bila ubaya wowote: "Na ushuhuda wako, Mwalimu? Ule wa kustaafu?"

Alikuwa mtoto mdogo wakati ule, sijui aliukumbukaje. Nilistaafu mwaka 2010, na Jumapili moja nilisimama mbele pamoja na mke wangu nikasema: "Namshukuru Mungu amenipitisha salama miaka yote ya utumishi, nimevushwa katika mengi." Watu walipiga vigelegele. Kitenzi cha kutendwa, yambwa hakuna.

Mwaka 1984, wakati wa sukari ya mgawo, nilikuwa makamu wa mkuu katika chuo kimoja cha ualimu. Magunia ya sukari yalipotea stoo. Ufunguo ulikuwa kwa mtunza stoo na kwa kiranja wa chakula, mwanachuo wa mwaka wa pili, mtoto wa mjane. Mtunza stoo alisema aliyechukua ni kiranja. Mimi ndiye niliyeandika taarifa iliyopelekwa kwenye bodi, na mimi ndiye niliyetia sahihi barua ya kumfukuza, miezi 5 kabla ya mtihani wake wa mwisho. Miaka miwili baadaye mtunza stoo alihamishwa, na siku ya kuagana, akiwa amelewa, alinieleza sukari ilikwenda wapi. Nilikuwa natazamiwa kupandishwa cheo. Nilijiambia kwamba kijana yule atakuwa amekwisha kupata shughuli nyingine. Mwaka 1989 nilikuwa mkuu wa chuo. Katika miaka iliyofuata nilifundisha madarasa mengi namna ya kutambua kiima.

Baada ya swali la yule kijana ilinichukua wiki sita kumtafuta. Ana duka la misumari na saruji katika mji mdogo upande wa pili wa mkoa, mtu mzima mwenye wajukuu. Alinitambua nikiwa bado barabarani. "Shikamoo, Mwalimu," akanisogezea kiti, akamtuma mtoto alete soda. Nilisema niliyokwenda kuyasema nikiwa nimesimama, kama baba, ila sikuwa na kofia. Alisikiliza huku akimpimia mteja misumari. Mteja alipoondoka aliniambia, "Mama yangu alikufa mwaka 1991. Kila nilipokwenda kumsalimu alikuwa akiificha sukari yake."

Kisha aliingia ndani akatoka na bahasha ya kaki. Barua ilikuwamo, na sahihi yangu chini, ya wino wa bluu. Hakutaka fedha, nami nilikuwa nimezileta. Alitaka niandike, kwa mkono wangu, upande wa nyuma wa karatasi ile ile, na nakala iende chuoni hata kama hakuna atakayeisoma. Nikaketi kwenye mfuko wa saruji nikaandika tarehe, jina lake, na kwamba hakuiba magunia matatu ya sukari.

Alikuwa akisoma juu ya bega langu. "Mawili, Mwalimu," akasema. "Tatu ilikuwa ya mtunza stoo."

Nikakata matatu, nikaandika mawili.